Faila, Itika

Ilianza kwa pumzi.

Mzee Ekofo alikuwa ameketi sebuleni asubuhi, miguu imo ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, akisikiliza santuri yake mwenyewe kama alivyozoea tangu magoti yalipomkatalia kupanda jukwaani. Msimcheke. Mtu aliyeimba mpaka meno yakaanza kumtoka, mkimnyima kujisikiliza mnataka asikilize nini, kikohozi chake? Santuri ilizunguka, sehemu ya taratibu ikapita, magitaa yakanyamaza kidogo kama kawaida yao, na pale ambapo sauti yake ya ujana hupasua, "Faila eee!", hapakuwa na kitu. Au tuseme kitu kilikuwepo. Mtu alivuta pumzi, akaitoa bila neno. Kisha magitaa yakaingia kana kwamba hakuna lililotokea.

Akainua sindano, akairudisha nyuma. Pumzi. Akaifuta santuri kwa upindo wa shati, akaipuliza, akaiweka tena. Pumzi ile ile, ya mtu aliyetaka kuita akasahau anamwita nani. Maji ya beseni yalikuwa yangali yanafuka mvuke, lakini miguu yake ilikuwa ya baridi.

"Faila," aliita kuelekea jikoni.

Jikoni kulikuwa kimya. Kimya kile kilikaa mpaka mzee akaanza kujishika magoti ili asimame, ndipo sauti ikaja, nyembamba, kana kwamba imezungukia mtaa wa pili kabla ya kumfikia.

"Abee. Si nakuitikia muda wote huu? Masikio yako nayo yamezeeka."

Mzee Ekofo aliogopa. Nasema wazi kwamba aliogopa, wala sitamtafutia neno la heshima zaidi.

Sasa lazima niwaeleze wimbo wenyewe, maana bila huo hamtaielewa hofu yake. Unaitwa "Nimefika Salama". Ni habari ya mwanamume aliyesafiri, akapotea, akapita miji isiyompenda, mpaka mwisho akasimama mbele ya mlango wake mwenyewe. Hiyo ndiyo sehemu ya taratibu, na humo anawaimba mmoja mmoja wenzake waliofia njiani. Halafu muziki unakatika. Mwanamume anaita mlangoni, "Faila eee!" Na sauti ya mwanamke inajibu kutoka ndani, "Ndiyo, Ekofo, ingia!" Hapo gitaa la solo linafunguka na sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezwa, linaanza, na katika mji ule hapakuwa na mtu, awe bwana harusi au mwuza mkaa, ambaye aliweza kubaki amekaa. Mwanamke aliyejibu ni Faila mwenyewe, mkewe, ambaye siku hizo alikuwa mwitikiaji wa bendi. Hawakujaliwa mtoto. Hapakuwa na wa kuwafanya Baba Fulani na Mama Fulani, kwa hiyo waliitana kwa majina yao nyumbani kama walivyoitana kwenye wimbo, na majirani walizoea.

Mji ule hauna jina. Ulikuwa nalo, lakini Kiti kililila. Kiti kiko juu ya kilima, ndani ya jengo lenye madirisha mengi yasiyofunguliwa, na nani amekikalia hakuna ajuaye. Wapo wanaosema amekikalia mzee, wapo wanaosema amekikalia mtoto wa yule mzee aliyevaa ngozi ya baba yake, na wapo wanaonong'ona, wakishatazama huku na huku, kwamba hakuna aliyekikalia, ni kiti tu. Lakini kina jina. Jina lake limeandikwa juu ya shule, juu ya zahanati, juu ya mifuko ya unga, na mimi mnisamehe, silitaji. Kila kilipotaka kulitandaza jina lake mahali papya, jina la mtu lililokuwa pale lilitoka, na jina likitoka, mwenyewe naye hakukawia.

Ndiyo maana watu wa mji ule walizipenda santuri kuliko majumba. Wanamuziki wana desturi yao wanayoiita kutupa jiwe: sebene likichemka, mpiga kelele wa bendi hurusha majina ndani yake, la rafiki, la fundi aliyewashonea suti, la mwanamke aliyewapikia jana. Jina likitupwa linatua ndani ya santuri na kukaa humo. Kwingine ni mbwembwe tu. Katika mji ule, aliyetupwa kwenye santuri alikuwa na mahali pa kushikilia. Na jiwe lina sheria zake mbili ambazo kila mwanabendi alizijua kabla hajajua kushika gitaa. Ya kwanza, walio hai hutupwa kwenye sebene, na waliokufa huimbwa kwenye sehemu ya taratibu, na ole wake atakayewachanganya. Ya pili, hakuna anayejitupia jina lake mwenyewe. Jiwe ulilolirusha juu kwa mkono wako litakuangukia wewe utosini. Jina lako hutupwa na mwenzako.

Ekofo alikuwa na mwenzake wa kumtupa. Aliitwa Sumaili, mtu mfupi mwenye kifua kama pipa, aliyekunywa maji ya tangawizi na kutukana kila kitu isipokuwa mama yake. Katika kila santuri ya Ekofo, Sumaili ndiye aliyepasua, "Ekofo, baba wa sauti!" Kisha alasiri moja Sumaili alikwenda kunyoa ndevu, na kinyozi akabaki ameshika wembe mbele ya kiti kitupu chenye povu. Tangu hapo santuri zote zilipoteza kelele zake. Sebene zilicheza kavu, mawe yote aliyoyatupa yakayeyuka pamoja naye, na jina la Ekofo likabaki mahali pamoja tu duniani, kinywani mwa Faila, katika wimbo ule mmoja, pale mlangoni.

Na sasa aliyekuwa akiitwa ametoka. Aitaye ataitikiwa na nani?

*

Watu wa Kiti hawapigi hodi, wao hukohoa. Alikohoa mtu mlangoni siku ile ile, jua likiwa bado changa, akaingia na viatu vyake. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye uso ambao ukigeuka tu umeusahau. Alisema yeye ni Mjumbe, akaishia hapo, kwani nyumba ile ya kilimani ina jina moja tu na wengine wote wana vyeo.

Faila akaleta chai kwenye sinia. Mjumbe akanyoosha mkono, akachukua kikombe bila kutazama kilikotoka, kama mtu achumaye tunda mtini.

"Nyumba safi," alisema. "Kwa mzee anayeishi peke yake, umejitahidi."

Faila alikuwa amesimama mbele yake, hatua moja, sinia mkononi. Mzee Ekofo alimtazama mkewe. Kupitia bega lake la kushoto aliiona kalenda iliyotundikwa ukutani, akaweza hata kuusoma mwezi.

"Kiti kimekupenda, mzee wangu," Mjumbe aliendelea. "Kinataka wimbo ule wa mlangoni urekodiwe upya. Wimbo mzuri namna ile kuwa na tundu katikati ni aibu. Pale penye pumzi, pale, utatia jina la Kiti. Basi. Kazi ya mtu mzima, huna haja ya kufundishwa."

"Pale palikuwa na jina la mke wangu."

"Mke?" Mjumbe aliweka kikombe chini, akashusha sauti kwa adabu. "Lo, pole sana, mzee. Hatukujua kwamba ulikuwa na mke. Alifariki lini?"

Jasho jembamba lilimtoka Ekofo mgongoni. Alitaka kusema huyu hapa. Alitaka kumshika Faila mkono na kumsogeza mbele, lakini aliogopa kwamba mkono wake hautakutana na kitu, na kwamba Mjumbe ataona hivyo, na kwamba likishaonwa na wawili litakuwa kweli. Mjumbe alisimama, akasema gari litamsubiri barabarani adhuhuri, akatoka alivyoingia.

Faila alikaa chini mkekani, akaiweka sinia mapajani.

"Nimesimama mbele yake kama mlingoti wa bendera," alisema. "Mpaka nimenusa mafuta ya nywele zake. Nyote wawili mmekunywa chai yangu. Angalau ilikuwa na sukari ya kutosha?"

"Faila."

"Nakuuliza sukari."

"Ilitosha."

"Basi bado nipo." Akacheka, lakini kicheko kilichelewa kufika, kikaja baada ya mdomo kufunga. Alikiona hicho, akaacha utani. "Sikiliza, Ekofo. Mwenye nguvu mpishe. Wape nafasi yangu. Mimi nimeshaanza kwenda, mwuza maji amenipita tangu juzi, na jirani ananiuliza habari zako wewe huku amenipa mgongo. Ukinirudisha mimi kwenye wimbo, nani atakuitikia wewe? Mle studioni hawataniingiza, na hata wakiniingiza, sauti yenyewe ndiyo hii. Utaita, na pale penye jina lako kimya kitakujibu. Utakuwa umejitoa mwenyewe. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Niahidi."

Mzee Ekofo alichukua kitambaa akaikausha miguu yake, kidole kwa kidole, polepole, kama mtu mwenye kazi nyingi. Hakuahidi. Faila alimjua, akatikisa kichwa na kwenda kuosha vikombe. Vikombe viligongana, lakini maji hayakusikika.

*

Mtu huanza wapi? Nyinyi mnaonisikiliza mtaniambia huanza tumboni mwa mama yake, na mimi nitawauliza, yule wa tumboni ni mtu au ni tumbo? Mama humwita, ndipo akawa. Kabla ya kuitwa ni kilio tu, na vilio vyote vinafanana. Ekofo aliyafikiri hayo ndani ya gari lile lenye vioo vyeusi, huku mji ukipita nje kama picha iliyolowa maji. Aliwaona watu njiani wakitembea karibu karibu, wawili wawili, wakiitana bila sababu, wewe fulani, ee fulani, kama watu wanaovuka mto gizani na kila mmoja anamhakikisha mwenzake. Alishangaa kwamba hakuwa ameligundua hilo mapema. Kumbe mji mzima ulikuwa unaogopa, na yeye aliudhania unachangamka.

Mimi ni nani nisipoitwa, alijiuliza.

Mtu.

Mtu gani? Mtu tu. Mtu tu ni nani? Ni yule anayepishwa mlangoni bila kutazamwa. Ni mkono unaopokea chenji. Sauti ni yangu lakini sauti ni upepo, na upepo hauna mwenyewe. Nilikuwa nikiimba ili wanipende. Hapana. Nilikuwa nikiimba ili mtu mmoja, ndani ya nyumba, ajue kwamba ni mimi niliye mlangoni wala si mwingine.

Gari likasimama.

Studio ile ilikuwa ndani ya jengo la kilimani, mwisho wa ukumbi mrefu wenye zulia lililomeza nyayo. Ukutani zilitundikwa santuri, zimepangwa mpaka darini, na kila moja ilikuwa na pengo jeupe mahali jina la mwimbaji lilipokuwa limechapwa. Alizitambua baadhi kwa rangi tu. Hakugusa yoyote.

Fundi wa mitambo, mtu wa mjini si wa Kiti, aliitwa Mulumba. Alikuwa mtu wa makamo mwenye macho mekundu, na alimpokea kwa mikono miwili, akamwamkia, akamwita mzee wangu, kisha akauma mdomo kama mtu aliyesema mengi. Wapigaji na waitikiaji walikuwa wameshakaa. Mpiga besi alikuwa rafiki yake wa ujana, walilala kitanda kimoja walipokuwa hawana kitu. Ekofo alimwendea amkumbatie, akafungua mdomo amwite, na jina halikuja. Alilitafuta. Alimtazama yule mtu, kovu la kidevuni analijua, cheko lake analijua, na pale jina lilipotakiwa kuwa palikuwa laini kama fizi baada ya jino kung'oka. Yule mpiga besi naye alimtazama hivyo hivyo, akasogeza midomo, akakata tamaa, akainamia gitaa lake.

"Tumshukuru Mungu tumeonana," alisema mpiga besi.

"Tumshukuru Mungu," alijibu Ekofo.

Alipoingia kwenye chumba kidogo cha vioo palipo na maikrofoni, alikuta mtu ameshasimama pale. Alikuwa kijana, kiuno chembamba, suti ya rangi ya kahawia yenye mabega mapana, nywele zimechongwa. Ekofo aliikumbuka suti ile kabla hajaukumbuka uso, maana aliiazima kwa binamu yake siku ya kurekodi mara ya kwanza na ilimbana kwapani. Kijana aligeuka, akamtazama kwa ile dharau ya watu ambao hawajawahi kuumwa magoti.

"Mzee, hapa tunarekodi," kijana alisema. "Umetumwa na nani?"

"Nimekuja kuimba."

"Wimbo huu ni wangu."

"Najua. Uimbe, nikusikie unavyoita pale mlangoni."

Kijana akavuta pumzi, kifua kikajaa, mishipa ya shingo ikasimama. Akaitoa pumzi bila neno. Alionekana kuaibika kidogo, akakohoa.

"Unamwita Faila," alisema Ekofo.

"Faila ndiye nani?"

Damu ilimganda mzee. Kuzeeka alikuzoea, kufa alikuwa akikufikiria bila kelele, lakini hili hakuwahi kulidhania, kwamba wangeweza kurudi mpaka kule nyuma, mpaka siku ya kwanza kabisa, na kumtoa mwanamke yule ndani ya kijana ambaye wiki nzima hakulala kwa ajili yake. Wakimaliza huko, hatakuwa amekufa. Hatakuwa amezaliwa. Na huyu mzee aliyesimama hapa, ambaye alilishwa, akauguzwa, akatukanwa na kusamehewa na mwanamke yule, atakuwa ametengenezwa na nani?

"Na wewe je, mzee," kijana aliuliza, sasa sauti imepungua kiburi. "Wewe ni nani?"

Ekofo hakumjibu, kwa sababu hakuna ajitupiaye jiwe mwenyewe. Alimwekea mkono begani, na bega lile lilikuwa la moto, kisha halikuwepo, na mzee akajikuta amesimama peke yake mbele ya maikrofoni huku akihisi suti ile ikimbana kwapani.

*

Nyuma ya kioo kikubwa waliingia Mjumbe na wenzake wa kilimani, wakaketi kwenye viti vya safu ya mbele. Walikuwa watu wa hotuba. Katika maisha yao walikuwa wamefungua matamasha mengi kwa kukata utepe, na kila mara, utepe ukishakatika, waliondoka na magari yao. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa kwenye dansi mpaka watu wakatokwa na jasho. Hilo Ekofo aliliona kwenye viatu vyao, visigino vilikuwa vipya.

Fundi Mulumba akainua kidole. Tepu ikazunguka.

Akaimba. Sauti ilikuwa imechakaa, ilikwama hapa na pale, lakini ilipopata njia ilipita. Aliimba safari, aliimba miji isiyompenda, akafika pale anapowaimba wenzake waliofia njiani. Alishika nguzo ya maikrofoni kwa mikono yote miwili. Na pale, katikati ya wafu, kwa sauti ya chini ya msibani, ile inayoanza puani na kuteremka kifuani, alilitia jina la Kiti. Hakulitaja tu. Alilivuta, akalilaza, akalifunika, akaliombea mapumziko mema, akarudia tena, na waitikiaji nyuma yake, ambao walielewa tangu herufi ya kwanza, walilipokea kwa sauti tatu kama wapokeavyo jeneza.

Fundi Mulumba alifumba macho. Mpiga besi alikosea noti moja, kisha akaipata.

Na watu wa kilimani? Watu wa kilimani walilia. Walikuwa hawajawahi kulisikia jina lile likiimbwa kwa huruma namna hiyo. Mmoja alitoa leso. Muziki ukakatika, kama unavyokatika kabla ya mlango, na wao wakadhani tundu limezibwa na wimbo umekwisha. Wakasimama wote, wakapiga makofi, wakapeana mikono, wakaanza kutoka mmoja mmoja huku wakisukumana kwa adabu ili mkubwa atangulie. Mjumbe alimwonyesha Ekofo dole gumba kupitia kioo. Mlango ukafungwa nyuma yao.

Tepu ilikuwa bado inazunguka. Mulumba hakuizima. Alimtazama mzee, mzee akamtazama.

Hapa ndipo roho ilipomruka. Maana kumbukeni, alikuwa bado na njia. Angeweza kunyamaza. Jina la Kiti lilikuwa limeshaingia kwenye wimbo, wenyewe wameridhika, na pale mlangoni angeacha pumzi ile ile ya zamani, akarudi nyumbani kwa mke anayesikika nusu, wakamalizia siku zao taratibu, kila mmoja ameshika ncha ya mwenzake. Aliona jinsi itakavyokuwa. Aliona vikombe viwili, halafu kimoja.

"Faila eee!" aliita.

Iligonga kioo. Iligonga ukuta wa nyuma, ikatoka, na inasemekana huko ukumbini santuri zilitikisika kwenye misumari yake. Kisha kikaja kile kimya ambacho mkewe alimwonya. Magitaa yalisubiri. Vidole vya mpiga solo vilikuwa hewani. Kila mtu ndani ya chumba kile alijua ni nani anapaswa kuitikia, na kila mtu alijua hayupo.

Ulipopita urefu wa jibu, gitaa la solo likafunguka.

"Mzee," Mulumba aliuliza walipomaliza, hakumtazama usoni, "lile pengo baada ya kuita. Nilikate?"

"Liache wazi hivyo hivyo," alisema mwimbaji. "Huenda akapita mtu."

*

Alirudi kwa miguu, kwani gari halikumwona. Wimbo ulikuwa umeshamtangulia mjini. Msiniulize vipi, mji ule muda wake haupangi foleni. Redio zote zilikuwa zikiupiga, na alipopita sokoni ilikuwa sehemu ya taratibu, na jina la Kiti lilikuwa likilazwa. Mama mmoja aliyekuwa akimenya mihogo alishusha kisu, akaivuta kanga kutoka begani akajifunika kichwa. Wanaume wakavua kofia. Walisimama tu, wakainamisha nyuso kama wanavyofanya maiti ikipitishwa, na huko juu kilimani dirisha ambalo halijawahi kufunguliwa lilifunguka kidogo, pakaonekana giza.

Mwimbaji aliwasalimu. Waligeuka upande sauti ilikotoka, wakasubiri kidogo, wakaendelea na shughuli zao. Kinyozi wake wa miaka yote alimpisha njia na kumwambia pole na jua, mgeni. Alitembea akiwa ameshikilia ukuta.

Alifika mlangoni pake. Alisimama kama yule wa kwenye wimbo, vumbi mpaka magotini, na akaita.

"Faila eee!"

"Abee!" Sauti ilitoka papo hapo, nene, imejaa nyumba nzima. "Nani huyo?"

Alitaka kulia kwa furaha, kisha akalisikia lile swali.

"Nimefika salama," alisema.

Mlango ukafunguka. Faila alikuwa amesimama na uzito wake wote, kivuli chake kimelala sakafuni kikiwa cheusi, na bega lake la kushoto liliificha kalenda kabisa. Alimtazama kwa wema.

"Karibu, baba. Unamtafuta nani?"

"Naomba maji ya kunywa."

"Maji hayaombwi mara mbili. Ingia ukae, magoti yako nayaona yanatetemeka." Akamkalisha kwenye kiti chake, akalitazama beseni lililokuwa pale. "Hili nalo sijui nimemwekea nani, uzee huu. Weka miguu, baba, nitakuchemshia mengine. Siku ya leo nina furaha, usione haya. Tangu mchana majirani wote wamekuja kunisalimu kwa ajili ya wimbo."

Akamimina maji ya moto, akachukua chumvi kwenye kiganja. Redioni sehemu ya taratibu ilikuwa inakwisha.

"Sikiliza," alisema Faila. "Hapa ananiita mimi. Simjui, lakini anavyoniita, nasikia kama nyumba yangu ina mlango."

"Faila eee!" redio iliita.

"Ndiyo," Faila aliitikia, kwa ile tabia ya waitikiaji ambayo haizeeki, na akakwama hapo. Mdomo ulibaki wazi, umejiumba tayari, chumvi ikidondoka kati ya vidole vyake. Magitaa yalisubiri. Hakuna kilichokuja. Sebene likaanza bila yeye.

"Hapa palikuwa na jina," alisema polepole. "Nalisikia mahali pake, kama mtu aliyeamka kitandani na joto bado lipo. Baba, wewe ni mtu wa zamani, wimbo huu unaujua. Naitikia nani hapa?"

Lilikuwa mdomoni mwa mzee, zima, na ulimi umeshainuka. Angelisema. Angelisema na Faila angelipokea kwa adabu, kama apokeavyo jina la mgeni yeyote, Ekofo, jina zuri, karibu Ekofo, na lingeanguka hapo mkekani, na tangu siku hiyo angekuwa mtu aliyejitaja. Aliogopa kuliko alivyoogopa kilimani. Akafunga mdomo.

"Wataupiga tena, mama," alisema. "Tusubiri."

Faila alivuta kigoda akakaa karibu naye, akaongeza sauti ya redio, midomo yake ikiwa wazi kidogo. Maji ya beseni yalianza kupoa, na mzee hakuthubutu kutoa miguu.